Hayo Tisa: Kisa cha Novena kati ya Thika na Ruiru

Katika kibanda kimoja cha nafaka, soko la Madaraka mjini Thika, kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne na kuhifadhiwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya mizani. Ilikuwa na sala kwa Mtakatifu Yuda Thadei, mwombezi wa mambo yaliyokatiwa tamaa. Sala yenyewe ilikuwa imepigwa chapa kwa taipureta zamani, kisha ikatolewa fotokopi ya fotokopi hata herufi za pembeni zikawa zimeliwa na weusi wa mashine. Mwenye kibanda aliirithi kutoka kwa mamake aliyefariki mwaka 2021. Pamoja na karatasi hiyo alirithi robo ekari isiyo na hati, mdogo wake wa kike aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Ruiru, na kitindamimba wa kiume aliyekuwa makanga katika matatu za barabara ya Thika kabla ya pombe kumteremsha njiani.

Dada hao wawili hawakuwa wakisemezana. Siku ya mazishi ya mama yao, mdogo alisimama mbele ya wazee wa jumuiya ndogo ndogo akataka hesabu ya michango. Hesabu ilitolewa, nayo ilikuwa na pengo. Mkubwa alipoulizwa pengo lilitokana na nini, alisema tu kwamba fedha zilitumika. Tangu siku hiyo akawa anamwita mdogo wake "Mwalimu". Kwa sikio la mgeni jina hilo ni la heshima. Kwa sikio la ndugu wa tumbo moja ni mlango uliokomewa kwa ndani.

Ikumbukwe kwamba kutoka Thika hadi Ruiru si mwendo wa kumchosha mtu. Ni kilomita zipatazo ishirini, ukipita Juja, na tangu barabara kuu ya Thika ipanuliwe na kukamilika mwaka 2012, matatu huzimeza kilomita hizo kabla abiria hajamaliza kuhesabu chenji yake. Lakini kwa muda wa takriban miaka miwili hakuna aliyemtembelea mwenziwe.

Novena, kwa msomaji asiyeifahamu, ni sala isaliwayo kwa siku tisa mfululizo kwa nia moja maalumu. Neno lenyewe limetokana na Kilatini, novem, yaani tisa, na Kiswahili kimelipokea bila kulibadilisha, kikaliweka katika ngeli ya I-ZI: novena hii, novena hizi. Asili ambayo Wakatoliki huitaja kwanza ni ile ya Matendo ya Mitume. Baada ya Yesu kupaa mbinguni siku ya arobaini tangu ufufuko, mitume, pamoja na Maria na wanawake wengine, walijifungia katika chumba cha juu wakadumu katika sala hadi Pentekoste, siku ya hamsini. Kati ya siku hizo mbili mna siku tisa. Papa Leo wa Kumi na Tatu aliagiza mwaka 1897 kwamba siku hizo ziadhimishwe kwa sala katika Kanisa lote, na hadi leo novena ya Roho Mtakatifu ndiyo huhesabiwa kuwa mama wa novena zote.

Lakini tisa haikuanzia hapo. Warumi wa kale waliomboleza wafu wao kwa siku tisa, na desturi hiyo ilibatizwa, kama zilivyobatizwa nyingi nyingine: Papa Francis alipofariki tarehe 21 Aprili 2025, misa za kumwombea ziliadhimishwa kwa siku tisa kuanzia mazishi yake tarehe 26 hadi tarehe 4 Mei. Huko Hispania na Ufaransa, katika karne za kati, waumini walitanguliza Krismasi kwa siku tisa za sala, siku moja kwa kila mwezi ambao Maria alimchukua mwanawe tumboni. Kwa hiyo tisa ni hesabu ya kaburi na ni hesabu ya mimba pia. Yaelekea ndiyo sababu imestahimili.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili atapenda kusimama kidogo. Tisa, kama zilivyo sita na saba, ni neno lenye asili ya Kiarabu. Kabla yake Kiswahili kilikuwa na kenda, neno la Kibantu ambalo sasa limebaki katika ushairi, katika kamusi, na katika jina la Wamijikenda, watu wa miji tisa. Lile la saba nalo limejificha katika fungate, zile siku saba za maarusi. Lakini mwenye kibanda cha nafaka mjini Thika hakuhitaji kamusi ili kukutana na kenda. Kwa Kikuyu, lugha aliyonyonya, tisa ni kenda hadi leo. Isitoshe, Wakikuyu husema mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi walikuwa tisa, ilhali ukiwataja kwa majina unapata kumi. Hawasemi kumi. Husema kenda mũiyũru, yaani tisa iliyojaa, kwa kuwa kuhesabu watu hadi mwisho ni kuwaitia balaa. Waswahili nao wana namna yao ya kuitazama tisa kwa jicho la kungoja: "Hayo tisa, kumi ni haya." Msemo huo huifanya tisa yote kuwa utangulizi tu, na jambo lenyewe likawa bado linakuja.

Ndivyo inavyokaliwa novena. Anayesali siku tisa huwa anatazama ya kumi.

Mamake mwenye kibanda alikuwa mtu wa novena kama wengine walivyo watu wa siasa. Machi alisali ya Mtakatifu Yosefu, Mei ya Mtakatifu Rita, Juni ya Consolata, Mama Mfariji, ambaye ibada yake ililetwa Murang'a na wamisionari wa Consolata mwaka 1902. Ijumaa Kuu alianza ya Huruma ya Mungu, iliyotokana na Mtakatifu Faustina wa Poland na kuenea sana baada ya mtawa huyo kutangazwa mtakatifu mwaka 2000. Oktoba ilikuwa ya Yuda. Husemekana kwamba mtume huyu hakukimbiliwa na wengi zamani kwa sababu ya kufanana jina na Yuda Iskariote, msaliti. Basi, kwa kukosa kazi, akawa tayari kuyapokea mashauri ambayo watakatifu wengine wameyashindwa. Hiyo si teolojia, bali ni masimulizi ya watu, lakini ni masimulizi yenye ujuzi fulani wa namna mtu aliyesahauliwa anavyoweza kumsikiliza mwenziwe.

Chini ya sala ile palikuwa na maagizo: msomaji atoe nakala themanini na moja, aziache kanisani tisa tisa kwa siku tisa, na asiukate mnyororo. Karatasi za namna hiyo zimekuwa zikiokotwa kwenye mabenchi ya makanisa kwa miaka mingi, na mapadri wamechoka kuzikemea. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika aya ya 2111, husema wazi kwamba kuipa sala nguvu kwa sababu ya matendo ya nje tu, pasipo moyo wa anayesali, ni kuangukia ushirikina. Mama hakuwa amesoma aya hiyo. Alikataa maagizo yale kwa sababu yake mwenyewe: alisema Mtakatifu Yuda hakuwa na duka la fotokopi.

Katikati ya Oktoba 2023, makanga mmoja aliyemfahamu kitindamimba alipita sokoni akasema hajaonekana tangu Agosti, wala katika vibanda vya Makongeni alikozoea kulala. Msako wa mwaka 2015 dhidi ya pombe haramu ulimwaga mapipa mengi katika eneo la kati la Kenya. Lakini wanywaji walihama kutoka uchochoro huu hadi ule, na wengine hawakurudi kutoka uchochoro wa mwisho. Dada mkubwa alilijua hilo. Usiku ule alimwandikia mdogo wake ujumbe mfupi: "Mwalimu, novena ya Yuda inaanza Alhamisi. Mama angetaka tuwe wawili." Jibu lilikuja baada ya saa nzima: "Saa ngapi?" Akajibu: "Saa tisa."

Saa tisa alasiri ndiyo saa Yesu aliyokata roho msalabani, na ndiyo saa ya Huruma ya Mungu. Msomaji wa Kiingereza huhitaji kuelezwa kwamba saa tisa ya Biblia ni saa tatu ya saa yake. Mswahili hahitaji. Amebaki na hesabu ya jua kama walivyokuwa nayo Wayahudi wa wakati ule. Saa ya Injili na saa ya sokoni Madaraka ni moja. Mama alisali novena zake zote saa hiyo, akiwa amefunika magunia kwa turubai.

Siku ya kwanza, tarehe 19, mkubwa alisali huku akimwonyesha mteja bei ya ndengu kwa vidole. Ya pili ilikuwa Siku ya Mashujaa, soko limejaa na redio zote zinahutubia. Ya nne ilikuwa Jumapili. Hakuna aliyempigia mwenzake simu. Kila mmoja, akimaliza, alituma neno moja, "Amina", na mwingine akarudisha hilohilo. Mtu anaweza kucheka kwamba sala iligeuzwa kuwa risiti. Lakini kwa watu waliotengana kwa ajili ya hesabu, risiti si jambo dogo.

Siku ya tano mdogo alipiga simu. Swali lake lilikuwa la kimwalimu: nia yao ni ipi hasa? Yeye alikuwa akiomba kaka yao aache pombe.

"Mimi naomba arudi," alisema mkubwa.

"Arudi hata akiwa mlevi?"

"Arudi kwanza."

"Dada, akirudi vile alivyo, atatuuzia hata sufuria."

"Basi atauza. Mtu asiyejulikana alipo ataacha nini?"

Hapo kuna suala ambalo vitabu vya sala havilisemi. Novena husaliwa kwa nia moja, na nia huandikwa kwa nukta tatu kwenye karatasi, *taja ombi lako*, kana kwamba kulitaja ombi ni jambo rahisi. Watu wawili wanaompenda mtu mmoja wanaweza kujaza nukta zile kwa maneno yanayopingana. Yule anayeomba aache anataka ndugu aliyekuwapo zamani. Yule anayeomba arudi yuko radhi na huyu wa sasa. Simu ilikatika bila wao kuelewana, labda kwa sababu ya mtandao.

Siku ya sita mdogo hakusali. Alikuwa na darasa la nane, kundi la mwisho katika historia ya Kenya kuufanya mtihani wa KCPE, na mchana ule walimu waliitwa kikaoni kuhusu maandalizi ya watahiniwa. Alikumbuka saa kumi na moja akiwa ndani ya matatu karibu na Bypass. Angeweza kusali palepale. Angeweza pia kuandika "Amina" na asijue mtu. Hakufanya lolote kati ya hayo, na kesho yake alikiri.

Mkubwa alisema mnyororo umekatika na waanze upya. Mdogo alisema sikukuu ya Yuda ni tarehe 28, haiwezi kusukumwa mbele kama kikao cha chama. Wakakubaliana kumwuliza katekista wa kule Ruiru, mzee aliyewafundisha nusu ya mtaa ishara ya msalaba. Mzee alisikiliza, akasema Mungu si karani wa rejista. Aliyeanguka siku ya sita aamke siku ya saba aendelee. Mafundisho ya Kanisa ndivyo yalivyo, na mtu angetarajia hapo shauri liishe. Mdogo aliendelea hadi siku ya tisa, Ijumaa tarehe 27. Mkubwa alituma "Amina" kila siku, wala hakusema neno zaidi.

Jumamosi, siku ya kumi, namba ngeni ilimpigia mdogo. Alikuwa kitindamimba, anaomba nauli ya kwenda Thika. Alikuwa Ruiru, vituo viwili tu kutoka alikoishi dadake, na alikuwa amekuwa hapo tangu Septemba. Katika miaka yote ya ulevi wa nduguye, mdogo hakuwahi kumtumia hata shilingi, na alijivunia jambo hilo. Safari hii hakutuma vilevile. Alivaa viatu akaenda. Alimkuta ameketi ukingoni mwa barabara, miguu imevimba, ananuka, amelewa. Akampeleka kwake, akampa maji ya kuoga na shuka.

Watu wa ushuhuda wangemalizia hapo. Sala ya dada mkubwa ilikuwa imejibiwa neno kwa neno, na ya mdogo ilikuwa imelala kwenye kochi lake ikikoroma.

Jumapili jioni kitindamimba alikuwa amepata ufahamu wa kutosha wa kula na kuzungumza. Aliuliza kama dada yao wa Thika bado amekasirika. Kwa nini akasirike, mdogo aliuliza, ilhali aliyefuja fedha za mama ni yeye? Kijana alimtazama kwa mshangao. Akaeleza kwamba usiku wa kuamkia mazishi, wadai wake walikuwa wamekuja hadi langoni, wakiapa kwamba jeneza halitatoka kabla hawajalipwa. Dada alitoka gizani akawalipa. Alimwapisha kitindamimba asiseme, kwa kuwa hakutaka mama azikwe akisindikizwa na fununu hiyo. Mdogo alikumbuka jinsi alivyosimama siku ile, daftari mkononi, mbele ya wazee. Hakusema kitu. Alikwenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa vimeoshwa.

Jumatatu mtihani ulianza. Jumanne alipotoka kusimamia, alikuta mlango umerudishwa, shuka imekunjwa vizuri kitandani, na pasi haipo.

Mtihani ulikwisha Jumatano tarehe 1 Novemba. Alhamisi, bila kutangulia kupiga simu, mdogo alipanda matatu hadi Thika. Alifika sokoni saa tisa kasoro dakika chache. Dadake alikuwa ameshusha turubai juu ya magunia na kushika ile karatasi, akashtuka kama mtu aliyefumaniwa. Ikabidi aeleze: aliposikia kwamba siku ya sita imerukwa, yeye alianza novena upya peke yake, kimyakimya, tarehe 25. Hii ilikuwa ya tisa. Wala hakuwa amepanga iangukie tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote. Hilo aliliona baadaye kwenye kalenda ya parokia.

"Yule alirudi," mdogo alisema. "Ameondoka tena. Na pasi."

"Ile iliyokuwa ikitoa moshi?"

"Hiyohiyo."

Mkubwa alicheka hadi akashika mizani. Alipotulia, mdogo alimwambia kwamba ameyasikia ya usiku wa mazishi. Kicheko kikaisha. Mkubwa alipangusa mizani isiyokuwa na vumbi, akasema, "Hayo tisa." Hakutaja la kumi. Mdogo hakudai. Saa ilikuwa imefika. Wakasali pamoja kwa mara ya kwanza, Baba Yetu, Salamu Maria na Atukuzwe, na walipofika kwenye nukta tatu kila mmoja alinyamaza kwa muda wake. Mteja aliyetaka maharagwe alingoja kando, ameshika kofia.

Karatasi ilikuwa imeanza kupasuka kwenye mikunjo. Baada ya sala waliivusha barabara hadi kwenye duka la fotokopi. Kijana wa mashine aliilaza kwenye kioo, kisha akaigeuza, akauliza, "Na nyuma pia?"

Hakuna kati yao aliyewahi kuutazama upande wa nyuma kwa makini. Mama alikuwa ameutia alama za penseli, vijistari vilivyopangwa kwa mafungu, fungu moja kwa kila novena, na kando ya kila fungu herufi moja ya jina la aliyeombewa. Mafungu mengi yalikuwa na vijistari tisa. Moja, lenye herufi ya jina la mdogo, lilikuwa na sita tu. Mdogo alijaribu kukumbuka ni mwaka gani: ule wa homa ya uti wa mgongo, au ule aliosubiri nafasi ya chuo cha ualimu. Mkubwa naye hakukumbuka. Kilichojulikana ni kwamba mama aliishia siku ya sita, na kwamba mwenye herufi hiyo alikuwa amesimama pale dukani, mzima, anatafuta shilingi kumi mfukoni.

"Na nyuma pia," walisema.

Walitoa nakala mbili.